Shikamoo ya Dirishani

Chanika
28 Aprili 2025

Wifi Somoe,

Shikamoo. Najua barua siku hizi ni kitu cha ajabu, lakini simu yangu kaka yako huishika anapotaka, na namba yako niliifuta mwaka juzi alipotuambia wote tuifute. Hii atakuletea Anna, yule mwelimishaji rika anayekuja hapa zahanati kuchukua maboksi ya kondomu za kugawa huko kwenu. Ndiye aliyenitajia kwamba anakufahamu na kwamba mnakaa mtaa mmoja Mbagala. Hajui kama wewe ni wifi yangu. Sikumwambia.

Labda hujui, mie nilihamishwa. Tangu tumalize ile nyumba yetu ya huku Chanika niliomba kituo cha karibu, wakanipa zahanati hii. Nakaa dirisha la mapokezi, naandikisha wagonjwa.

Anna kanisimulia kwamba kuna mwenzenu alifanyiwa unyama na wanaume watatu gesti, usiku wa Jumapili tarehe 13, na asubuhi yake akaja huku kwetu, akarudishwa. Halafu akalitaja jina lako. Wifi, moyo ulinipasuka. Siku ile foleni ilikuwa imefika mpaka barazani. Miwani yangu mpya ilikuwa bado haijatoka, na mie nilikuwa nimefunga zile sita za baada ya Ramadhani, kichwa kinagonga. Kama mmoja wa wale watu ulikuwa wewe, naapa sikukutambua.

Kuna vipimo unatakiwa kufanya. Nakuomba uje. Usipange foleni. Pita mlango wa nyuma, upande wa stoo, baada ya saa tisa watu wakishaondoka. Usitaje jina, uliza tu sista Raudha.

Kaka yako hajambo. Watoto wanakua.

Wifi yako,
Raudha


Mbagala
3 Mei 2025

Wifi Raudha,

Marahaba. Shikamoo ya kwenye karatasi nimeipokea, maana nayo ni shikamoo.

Pole na miwani. Lakini naona unanifananisha na mtu. Mie Chanika sina shamba wala mchumba, nifuate nini? Huyo aliyekuja kwenu anaitwa Apolonia Benson, umri miaka thelathini na tisa, mkazi wa Gongo la Mboto, kazi yake mkulima. Uliandika mwenyewe kwa kalamu ya bluu. Mkulima ana kucha zimepakwa rangi nyekundu, mdomo umepasuka, kiatu mguu mmoja, wala hukumuuliza analima nini.

Kwa hiyo barua ya vipimo mpelekee Apolonia. Ukimpata mwambie na mie namsalimia.

Kuhusu huo mlango wa nyuma. Unaukumbuka mlango wa nyuma wa nyumba ya mama Tandika? Ndio tuliokuwa tunatolea taka. Na ndio mumeo Mwinjuma alionitolea mie, siku ya arobaini ya mama, watu wamejaa ukumbini wanasoma hitima. Nimeshapita milango ya nyuma ya kunitosha, wifi.

Hiyo miwani ifuatilie itoke haraka. Usije ukampita mumeo barabarani ukamwomba kadi ya kliniki.

Somoe


Chanika
9 Mei 2025

Wifi,

Shikamoo.

Nimesoma barua yako mara nne chooni kazini, maana ndiko peke yake kwenye komeo. Sina uso wa kukuangalia nao. Acha niseme.

Nilikutambua. Nilikutambua kabla hujafika dirishani, ulipokuwa bado kwenye benchi la tatu, kwa ile namna yako ya kukaa umeegemea upande mmoja kama unasikiliza redio ya jirani. Miwani ilikuwa machoni. Nilikuapia uongo, na siku ile nilikuwa nimefunga kweli. Ndiyo inayonitafuna zaidi, kwamba nilikuwa na funga tumboni na ulimi wangu unafanya vile.

Pale benchi la mbele alikuwepo Bi Najat, jirani yetu, anayekaa na kaka yako kamati ya msikiti. Nikajua nikikuamkia tu, ataniuliza huyu nani, na kabla ya adhuhuri Mwinjuma atakuwa ameshasikia kwamba dada yake kaja kazini kwangu yupo hivi na hivi. Nikaona ni bora usiwe mtu ninayemjua. Ukasema kwa sauti ndogo, "Nimeumizwa usiku." Nami nikakujibu kwa sauti ya kusikika mpaka barazani, "PF3 unayo?" Ukasema huna. Nikasema bila fomu ya polisi hapa hatumgusi mtu. Halafu nikaongeza lile neno. Sikutumwa na yeyote kuliongeza. "Nyie mnatokaga huko na mambo yenu halafu mnatuletea sie." Bi Najat akaguna kunisapoti, na mie, Mungu anisamehe, nikajisikia salama.

Wifi, dawa zilikuwepo. Zile za kumkinga mtu asipate virusi, ambazo lazima zianze ndani ya saa sabini na mbili. Ulikuja hata nusu siku haijapita. Zilikuwa kwenye kabati nyuma ya mgongo wangu, ufunguo mfukoni kwangu. Na semina tulipewa, tukaambiwa mtu wa namna hiyo anatibiwa kwanza, fomu inafuata baadaye. Najua hayo yote. Nilikaa mstari wa mbele kwenye ile semina.

Na kuna kitu kingine sijakisahau. Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu, Mwinjuma aliponipiga kofi la sikio, nilikimbilia chumbani kwako saa saba usiku, peku. Ulifungua mlango. Hukuniuliza nimefanya nini wala nani kakosa. Ulichemsha maji, ukanikanda, ukasogea ukutani ili nilale.

Tafadhali njoo. Nitakupima mwenyewe. Ulikwenda polisi? Ulipata huduma kwingine? Niambie ulipata, nakuomba.

Raudha


Mbagala
20 Mei 2025

Raudha,

Nimekaa na barua yako siku kumi. Anna kila akipita ananiuliza kuna majibu, namwambia bado natafuta kalamu.

Unauliza kama nilikwenda polisi. Nilikwenda. Wewe si ulinituma? Nilitoka dirishani kwako nikaenda kituo kidogo, sikitaji, hata jina lake sitaki kuliandika. Nikamwambia afande nimekuja kuchukua PF3. Akaniuliza nimeumizwa na nani, nikamwambia. Akaniuliza nilikuwa nafanya nini gesti saa zile. Akasema fungua pochi.

Ndani mlikuwa na kondomu sita, hizohizo za serikali Anna anazochukua kwako. Akazimwaga mezani akazihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, wenzake wamesimama wanacheka. Akasema hiki ndicho kidhibiti. Nilikwenda mlalamikaji nikalala mshitakiwa, kosa uzururaji. Niliingia Jumatatu mchana nikatoka Alhamisi asubuhi. Wewe mtu wa dawa, zihesabu hizo saa mwenyewe.

Kwingine sikwenda. Zamani tulikuwa na kile kituo cha mradi, tukiingia pale tunaitwa dada, tunapewa chai na vipimo. Kimefungwa tangu Februari. Ndiyo maana siku ile nilipanda magari mawili mpaka Chanika, nikitafuta mahali ambapo hakuna anayenijua. Cheka basi.

Sasa nikuambie ya huku, maana umeuliza kama muuguzi. Tumbo la chini linauma wiki ya tatu. Kuna uchafu unatoka, una harufu. Nimenunua vidonge duka la dawa, yule kijana kanipa vya rangi mbili, nikanywa, ukapungua, umerudi. Na pochi yangu haibebi tena kondomu. Naogopa kuhesabiwa. Mteja akija nayo, sawa. Akija hana, nigombane naye nina nani nyuma yangu? Wale watatu bado wanapita mtaani, mmoja ananisalimia. Na mtaa mzima unajua nilikwenda kushitaki nikafungwa mimi, basi kila mwanaume anajua bei ya kunipiga.

Sikuandikii unionee huruma. Nataka kutibiwa. Sitaki kufa kwa ajili ya haya, niko na miaka thelathini na tisa, bado napenda samaki wa kupaka. Lakini stoo sipiti.

Mie ni dada wa mumeo, mkubwa kwake na kwako. Ulipoolewa nilikaa nawe fungate lote siku saba, nikikufunga kanga na kukufundisha mambo ambayo siyaandiki hapa. Kila asubuhi ulikuwa unapiga goti, shikamoo wifi. Basi ninaitaka. Nitakuja dirishani kama mgonjwa yeyote, nipange foleni, nikifika utaniamkia kwa sauti ileile uliyoniulizia PF3. Hapo ndipo nitakapokupa mkono wangu unitoe damu.

Ukiwa tayari niambie tarehe.

Somoe


Chanika
24 Mei 2025

Wifi Somoe,

Shikamoo.

Nimelia. Kuhusu kituo kile, kila ninaloliandika nalifuta. Mimi ndiye niliyekupeleka mikononi mwao.

Lakini wifi, hizo dalili hazisubiri. Tumbo kuuma hivyo maana yake ugonjwa umepanda juu, unaweza kuharibu kizazi, unaweza kukulaza. Kwa hiyo katika bahasha hii nimeweka dawa. Za kwenye karatasi nyeupe kutwa mara mbili kwa siku kumi na nne, baada ya kula. Za karatasi ya kaki vilevile mara mbili, usiguse pombe kabisa. Nimezitoa kwa utaratibu wangu.

Kuhusu lile la dirishani, nielewe. Sikatai. Nasema bado. Bi Najat ana presha, anakuja kila Jumatatu. Mwinjuma anagombea ukatibu wa msikiti mwezi wa saba. Akijua tunaandikiana sijui kitatokea nini kwenye nyumba hii, na nina watoto watatu. Vumilia uchaguzi upite. Kwa sasa meza dawa, na kupima njoo siku ya Jumapili, nitafungua mimi mwenyewe, hatakuwepo mtu. Hutapita stoo, utapita mbele. Si ndivyo ulivyotaka, mlango wa mbele?

Fanya kwa ajili yangu.

Raudha


Mbagala
25 Mei 2025

Raudha,

Bahasha yako hii hapa na dawa zake zote. Sijafungua hata moja, hesabu.

Mlango wa mbele bila watu ni mlango wa nyuma tu.

Somoe


Chanika
8 Julai 2025

Wifi Somoe,

Shikamoo.

Utakuwa umesema nimekimbia. Ulikuwa na haki ya kusema. Wiki sita zimepita, acha nikueleze zilivyopita.

Ile bahasha uliyorudisha niliificha kwenye begi la sare zangu. Mwinjuma alikuwa anatafuta chaja akaikuta. Dawa hazikumshitua, mie huwa napitapita na dawa. Alichokitambua ni mwandiko. Kumbe wewe ndiye uliyemfundisha kuandika, hajawahi kuniambia. Alisimama na kile kikaratasi chako cha mistari mitatu, akauliza, "Anaumwa nini?" Nikamwambia yote. Mpaka PF3, mpaka lile neno nililoongeza. Nilidhani atafurahi kwamba nililinda jina lake. Aliniangalia kama mtu asiyemjua, akasema, "Yaani alikuja kwako?" Akachukua mto akaenda kulala sebuleni. Mpaka leo analala huko, na hazungumzi habari zako wala zangu. Ukatibu alijitoa. Sijui ana hasira na nani.

Siku tatu baadaye nilikwenda kwa mganga wetu mfawidhi, Daktari Leodegar. Nilimwambia kwamba Apolonia Benson hayupo, mgonjwa anaitwa Somoe na ni wifi yangu, nami nilimrudisha kwa makusudi huku namjua. Akavua miwani akaifuta. Akaniambia, "Sista, wewe ndiye ninayekupangaga kufundisha wanafunzi." Nimeandika maelezo kwa mkono wangu, nimepewa barua ya onyo, vyote vipo kwenye faili langu. Kwenye rejista pale penye Apolonia nimeruhusiwa kuandika pembeni jina lako na maneno haya: alirudishwa na muuguzi bila huduma. Nimesaini.

Nakuandikia hayo usije ukadhani nimeshajitakasa. Sijajitakasa. Kila saa ninayochelewa nakuona unashika tumbo.

Njoo Jumatatu tarehe 14. Ni miezi mitatu kamili tangu siku ile, kipimo kitasema kweli. Njoo saa tatu asubuhi, ndiyo saa foleni inapojaa. Bi Najat atakuwepo, ndiyo siku yake ya presha. Sitabadilisha zamu.

Raudha


Chanika
14 Julai 2025, jioni

Wifi Somoe,

Shikamoo tena, ingawa ya leo nimeshakupa.

Sikujua kama ungekuja. Tangu saa mbili nilikuwa nasoma majina na siyaoni. Nilipokuona kwenye benchi la tatu, umevaa baibui la mama, nikaandika umri wa mtoto mmoja miaka tisini. Halafu ukafika. Niliposimama kiti kilianguka nyuma yangu. Nikasema shikamoo wifi, ikatoka kubwa kuliko nilivyotaka, ikapiga mpaka barazani. Na wewe ukaninyamazia. Uliniacha pale nimesimama, watu wote wamegeuka, wewe unaniangalia tu. Nilijua ni haki yangu. Halafu ukasema marahaba, kwa sauti ya nyumbani kabisa, ukaniuliza watoto hawajambo.

Bi Najat aliondoka bila kupimwa presha. Nadhani mtaa mzima umeshajua. Kaka yako nimemkuta mlangoni jioni, akaniuliza swali moja tu, "Amekula?" Nikasema hukukaa kula.

Nakuandikia kwa sababu mle chumba cha kupimia sikuweza kusema. Wifi, nimepima watu miaka kumi na moja. Najua kukaa uso mkavu. Lakini ule mstari wa pili ulipoanza kujitokeza, nilikuwa namwomba Mungu macho yangu ndiyo yawe mabovu, miwani kweli iwe imeharibika safari hii. Kipimo cha kwanza nikasema kinakosea. Cha pili kikathibitisha. Wewe ndiye uliyenishika bega. Ukasema, "Andika, Raudha." Mgonjwa anambembeleza muuguzi.

Ugonjwa wa tumbo utapona, zile sindano na vidonge vya leo ukivimaliza utapona kabisa. Na hizi za kufubaza virusi ukizimeza kila siku utaishi, utazeeka, utakula samaki wako wa kupaka mpaka meno yaishe. Hilo naliongea kama muuguzi, ni kweli tupu.

Sasa naongea kama Raudha. Nina swali na najua sistahili kuuliza. Inawezekana ulikuwa nao zamani? Kabla ya usiku ule? Kwa kazi yenu, miaka mingi, mtu anaweza kuwa nao asijue. Kama ulikuwa nao kabla, basi zile dawa za kabatini zisingekusaidia chochote, hata ningekupa. Ukiniambia hivyo nitaamini, sitauliza mara ya pili. Silali, wifi. Nikifumba macho naona kabati na ufunguo. Niambie ulikuwa nao. Hata kama hukumbuki vizuri.

Nisamehe kwa kuuliza.

Raudha


Mbagala
18 Julai 2025

Wifi Raudha,

Hujambo. Mwambie Mwinjuma nimekula. Anna alinipikia wali na maharage. Na mwambie baibui la mama lipo kwangu, asilitafute.

Marahaba niliichelewesha kusudi. Nilitaka nione kama utakaa chini. Hukukaa. Hiyo nimeiweka.

Swali lako nimelilalia siku nne. Ndani ya bahasha utakuta kadi ya kijani. Ni ya kile kituo cha mradi, tarehe 20 Januari, majibu yameandikwa kwa Kiswahili, hana maambukizi. Walikuwa wanatupima kila baada ya miezi mitatu, ninazo kama hizo tano, zote sawasawa. Kazi yetu hiyo ya miaka mingi, niliifanya na kondomu na kadi.

Juzi niliishika na kiberiti. Nilisema moyoni, Raudha ana watoto, ana ndoa inalala sebuleni, namwambia tu nilikuwa nao tangu zamani, yeye alale. Mie kinanipungukia nini? Nikawasha, njiti ikaungua mpaka kidoleni, nikaizima.

Nikuambie jambo la dirishani ambalo hukulijua. Siku ile nilikuja na jina langu mdomoni. Nilikuwa sijui niende wapi, nikanyanyua macho nikakuona wewe. Raudha wa kwetu. Nilifurahi, wewe. Nilisema Mungu kaniona. Halafu nikayaona macho yako yanavyonikimbia, na Bi Najat wako pembeni. Ukauliza jina. Nikafikiri, nikilitaja hili jina nitamvunjia nyumba. Nikasema Apolonia Benson, jina la mwenzangu wa zamani aliyeolewa Mbozi. Nilisema uongo ili upone wewe, na mie ndiye niliyekuwa natoka damu.

Huo ndio uongo niliokuwa nao kwa ajili yako. Wa pili sina.

Kama niliupata usiku ule wa gesti, sijui. Kama niliupata baadaye, baada ya afande kunimalizia kondomu mezani nikaacha kuzibeba, nalo sijui. Mungu ndiye anayejua ni lini. Mie ninachokijua ni kwamba Januari sikuwa nao, na kwamba katikati hapo nilisimama mbele yako. Hiyo ubaki nayo. Usiipeleke kwa Daktari Leodegar tena, wala usinililie kwenye barua, karatasi inafika imelowa na Anna anadhani mimi ndiye ninayelia. Kadi ibandike kwenye faili langu, kwenye jina langu.

Kulala utalala siku moja. Mie pia bado silali, ile dawa ya usiku inaniletea ndoto za ajabu, juzi nimeota natwangana na mama kwa ajili ya mchi.

Tumbo limepungua sana. Vidonge sijaruka hata kimoja.

Tarehe 11 Agosti narudi kuchukua dawa, saa tatu, foleni ikiwa imejaa. Nitakuja na Loveness wa chumba cha pili, msichana wa miaka ishirini na tano, mtu wa Njombe. Wiki iliyopita walimfanya kama mie, kwa bahati Anna alimwahi kwa zile dawa za saa sabini na mbili, lakini amekataa kuendelea na zahanati yoyote, anasema atatukanwa. Nimemwambia ipo moja ambako wifi yangu ndiye anayekaa dirishani. Hajaniamini.

Fomu ya polisi hana. Yeye ni mdogo kwako, kwa hiyo atakuamkia yeye. Uitikie kwa sauti.

Wifi yako,
Somoe